Mto wa Kavutha

Saa nne usiku, Pipeline, ghorofa ya sita,
Kavutha ananiita: "Mjomba, njoo uone,
mto umeganda."
Natoka na bisibisi mkononi.
Friji ya Mama Nekesa imelala kiubavu sebuleni,
inanuka omena na gesi.

Ndani ya kompyuta ya kuazima mna dunia
aliyoiumba kwa kubonyeza mara nne.
Kaskazini ameweka baridi.
Huko maji hayabishi hodi: siku ya kwanza ya kipupwe
mto mzima hugeuka jiwe kwa mpigo mmoja,
ukingo hata ukingo, juu hata chini,
bila utandu, bila onyo,
na mchota maji aliyeingia hadi kiunoni
akabaki humo na ndoo yake.
"Wamekufa watatu," anasema,
kama anayehesabu chenji.

Katikati ya ramani hewa ni ya wastani:
kidimbwi huganda, huyeyuka, huganda tena,
mwenye nyumba na mpangaji wakivutia kamba.
Kusini, kwenye joto, kaandika jina la mtaa wetu.
Huko hakigandi kitu.
Huko maji hukauka tu.

Mimi nimekula kwa baridi miaka kumi na tisa
na barafu ya namna hiyo siijui.
Barafu huanzia kando,
pale trei inapogusa bati,
hutambaa kuelekea kati kama mtu anayenyemelea kuku.
Katikati huganda mwisho,
ndiyo maana katikati huvimba
na kupasua chupa ya msahaulifu.
Tena baridi hailetwi, Kavutha.
Joto ndilo hutolewa,
likatupwa huku nyuma, ukutani.
Weka mkono.

Hakuweka.
Alikuwa akiwajengea waliosalia kisima chini ya ardhi,
ambako, anasema, kipupwe hakishuki.

Kisha bomba likakohoa.
Alhamisi! Wiki mbili hatukulisikia.
Mlango kwa mlango watu wakapigana vikumbo, mitungi ikagongana,
nasi tukakinga hata kwa sufuria ya ugali,
maji mekundu kwanza, kisha ya maziwa, kisha maji.
Tuliporudi, miguu imelowa,
kule kaskazini masika yalikwisha fika,
mto unakwenda
na ndoo inaelea peke yake.

Kavutha aliitazama kitambo.
Hakusema idadi.

Saa nane nikashtuka, nuru jikoni.
Friji ya Mama Nekesa imesimama, inanguruma vizuri,
mlango wazi,
na mtoto amechuchumaa mbele yake na tochi,
pua karibu na kikombe cha bati.
Tokeni ya stima imebaki ya shilingi arobaini.
Nilifungua kinywa nimwambie afunge.
"Shh," akasema. "Inaanzia kando."
Nikachuchumaa.
Ulikuwepo kweli, ukingoni,
uzi mweupe, mwembamba kuliko ukucha.