Kikohozi Hakina Dari

Nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Saba
haina dari. Kuta zimeishia njiani
kama sentensi ya mlevi,
juu yake bati tupu, na popo mmoja.
Kwa hiyo nikikohoa chumba cha kwanza
chumba cha sita wanasema "pole".

Mafua yalinianza Jumatatu,
pua ikawa bomba lisilo na koki.
Jumatano yakashuka kifuani.
Mimi ni mnadi wa machungwa soko la Mgandini,
sauti ndiyo jembe langu.
Alhamisi nikafungua mdomo
nitaje bei ya gunia la Muheza,
nikabweka.
Mbwa wa jalalani akaniitikia.

Dawa zikaanza kuja kwa miguu.
Mama Chausiku: kivumbasi na majani ya mkaratusi,
"jifukize, blanketi mpaka kichwani."
Nikatoka nimeiva kama kiazi,
nakohoa vilevile.
Fundi Mndolwa: kitunguu saumu kibichi, punje tatu.
Tangu hapo hakuna aliyenisogelea.
Mpangaji wa uani, kimyakimya,
mafuta ya taa na sukari kijikoni.
Hayo nilimrudishia kibatari chake.

Duka la dawa, binti Shemboza
akanitazama juu ya miwani.
Makohozi yana damu? Hayana.
Unapumua kwa shida? Hapana.
Homa? Imepoa.
"Basi hivyo vidonge vya rangi mbili
unavyovitolea macho, sikuuzii.
Haviui mafua, vinaua mfuko.
Maji ya moto, asali, ndimu, pumzika.
Kikivuka wiki mbili, panda Bombo wakakupime.
Na mtoto asiyetimiza mwaka, asali usimlambishe."
Nikamwambia sina mtoto.
"Una majirani," akasema.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Ugomvi je?
Wangu na Bi Mwanamkuu tuliuficha miezi minne,
tangu Luku ilipokatika katikati ya futari
na kila mmoja akaapa zamu si yake.
Tunapishana ukumbini
kama ndoo mbili za kisima kimoja.

Saa nane ya usiku nikashikwa,
nikakohoa hadi bati likaitikia.
Upande wa pili nikasikia kinu:
du, du,
tangawizi inapondwa kwa hasira.
Kisha mkono juu ya ukuta,
kikombe cha bati kimefunikwa kisahani
kinasukumwa ukingoni.
Nikapanda kiti, nikakipokea.
Vidole havikugusana. Ulichogusa ni moto.

Koo likawaka, likalainika.
Sikupona, tusidanganyane.
Nililala saa mbili, basi.

Siku ya kumi sauti ikarudi, ya kukwaruza,
machungwa yakauzika.
Na usiku ule bati likaitikia
kikohozi kisicho changu:
chembamba, cha kujizuia,
cha mtu aliyeuma shuka.
Nikawasha jiko. Tangawizi ninayo, ndimu ninayo.
Kinu sina.
Nikagonga ukuta.
"Bi Mwanamkuu,
niazime kinu chako
nikupondee."