Makombo ya Kinu

Usinitajie ugonjwa. Nani kakuuliza?
Niambie umelalaje, na nani alikuamsha.
Mimi si daktari. Nina kinu, nina mchi,
nina mafungu ya majani juu ya meza iliyopinda
niliyorithi kwa mama mkwe, Ña Obdulia,
pamoja na deni lake la barafu.

Saa kumi na moja alfajiri, Asunsioni inapiga miayo.
Wachinjaji wanakuja na vidole vya baridi,
wananyoosha kibuyu, hawasemi.
Kinywaji chenyewe kinaitwa mate, na jina limefika:
mrija mmoja, vinywa saba.
Nawatilia rozimari, ganda la chungwa lililokaukia jikoni.
Maji yafuke tu, yasichemke;
yakichemka yanaunguza jani, na jani lina kinyongo.

Kisha Wenseslao, mlinzi wa ghala la matairi.
Kwetu kumekucha, kwake kunakuchwa.
"Nipe ya usiku," anasema, jua limemjaa usoni,
nami namfungia kamomili na majani ya mchungwa
kwenye gazeti la juzi,
akalale mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi.
Nimejifunza kwake: saa ya chai
haiko ukutani.

Saa saba ndiyo saa ya kinu.
Joto limekaa utosini kama mdai.
Ponda mnanaa, ponda mchaichai, ponda,
mikono inanuka kijani hadi kwenye kiwiko,
madereva wanapanga foleni na majagi ya barafu
na pembe za ng'ombe zilizojaa majani hadi mdomoni.
Hapo sichagui kwa hali ya moyo.
Kwenye joto la Januari moyo hauna hali. Una kiu.

Lakini kuna wanaokuja foleni ikiisha.
Heriberto anataka boldo, ati nyongo imempanda.
Namtazama shati: kalipiga pasi mwenyewe, mkono mmoja tu.
Namfungia mafungu mawili,
moja lake, moja la aliyemnunia.
Analipa moja. Sisemi kitu.
Kesho yake Delfina anarudisha pesa ya la pili,
haniangalii machoni,
ila ameniletea mayai.

Msichana mmoja aliniomba jani la ujasiri,
ana mahojiano ya kazi saa tisa.
Halipo. Ningekuwa nalo ningelitafuna mwenyewe.
Nikampa maua ya karakara, nikamwambia anywe polepole,
kikombe kikubwa, hadi aone chini.
Ujasiri siuzi; naweza kukuuzia robo saa
ambayo mikono yako ina cha kushika.

Jioni nafunika meza kwa turubai.
Nyumbani Ña Obdulia ananingoja asiyenijua.
Jina langu limemtoka tangu mvua za Oktoba,
mchi ulimtoka kabla ya hapo, mkono ukitetemeka.
Lakini mpe jani. Alinuse, alivunje kwa kucha:
analitaja kwa Kiguarani, lote, na mto linakoota,
na wa kumpa, na wa kumnyima.
Kwa hiyo chai yake siichagui kwa usingizi wala kwa tumbo.
Nachagua jani ambalo hajaniambia bado.
Jana ilikuwa mnanaa. Akavuta pumzi,
akaniita Porfiria, dada yake aliyekufa maji.
"Umechelewa," akasema.
Nikasema, foleni ilikuwa ndefu.

Akishasinzia nakung'uta kinu kwenye kikombe changu:
masalio ya kutwa, usingizi wa Wenseslao,
nyongo ya Heriberto, robo saa ya yule msichana.
Sijui ni chai ya saa ngapi.
Kwanza inauma ulimi. Baadaye inatulia.
Mwenye barafu amesema
atapita Jumatatu.