Pale Mguu Ulipozoea

Sanaiya ya Ibra, saa nne, bati limeshaanza kulia kwa joto.
Landkruza ya Bwana Khelef imekuja kwa kamba, na wala haijafa:
inakwenda, inashtuka, inakwenda,
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni
asimwone aliyemwita.

"Nimebadilisha plagi," anasema. "Nimebadilisha pampu.
Yule wa Sinaw kanibadilishia hata chujio
nililokwisha kulibadilisha."
Anahesabu riali kwa vidole, vidole vinamwishia.

Mimi sibadilishi kitu nisichokiuliza.
Shaji, fungua boneti. Usiwashe. Geuza ufunguo tu,
taa za dashibodi ziamke, basi.

Kwanza macho: waya haujaliwa na panya, soketi haina kutu.
Kisha kile kijidude cheusi ubavuni mwa kipepeo cha hewa,
kikubwa kidogo kuliko tende, skurubu mbili,
kazi moja tu duniani:
kuiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani.
Nyaya tatu. Mmoja unaleta volti tano,
mmoja unarudi ardhini,
wa katikati ndio wenye maneno.

Mita ya namba ninayo.
Kwa hili natoa ya baba, ya mshale,
kioo kimepasuka, wanaume wa gereji ya pili huicheka.
Nawaacha. Namba huruka, jicho halizifuati.
Mshale haujui kuficha kigugumizi.

Mguu juu: nusu volti. Sawa.
Nasukuma kipepeo kwa kidole, polepole,
kama unavyofungua mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.
Nukta saba. Nukta tisa. Moja.
Moja na nukta mbili

mshale ukaanguka.

Ukarudi, kana kwamba hakuna lililotokea,
mbili, tatu, nne na nusu, laini kama samli.
Narudia. Hapo hapo.
Shaji anarudia. Hapo hapo.

Ndani mna utepe wa kaboni
na kijimguu cha shaba kinachotembea juu yake.
Utepe hauliki sawasawa. Huliwa pale mguu ulipozoea.
Wa teksi huchakaa mwanzoni, kwenye foleni.
Wa vijana wa mchangani huchakaa mwishoni,
kule pedali inakobusu sakafu.
Huu umeliwa mahali pamoja tu,
upana wa chembe ya ufuta.

"Bwana Khelef, wewe unaendesha tisini."
"Themanini na tano."
"Siku zote?"

Akatazama kiti cha abiria. Pana mto mdogo pale,
na mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri, mara nne.
"Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Ibra mpaka Maskati,
kusafishwa damu. Miaka sita.
Nikizidisha, Ghaniya anatapika.
Nikipunguza, anasema mashine watampa mwingine."
Akapangusa dashibodi kwa kiganja.
"Alikuwa anatapika," akajisahihisha.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na bisibisi.

Kipya kikaingia. Nikalegeza skurubu,
nikakizungusha unywele kwa unywele hadi nusu volti kamili,
nikakaza. Mshale ukapanda
toka chini hadi juu bila kujikwaa.
Riali kumi na nane, pamoja na ufundi.

Akaomba kile kibovu.
Shaji alikuwa ameshakitupa; ikabidi aingie pipani mpaka mabegani,
akitukana kwa Kimalayalam, akakitoa, akakifuta kwa shati lake mwenyewe.

Njia ya Maskati siku hizi ni pana.
Vijana wanaikata kwa mia na arubaini, kamera hadi kamera.
Nikasimama mlangoni na kitambaa mkononi, nasikiliza,
maana kazi haijesha mpaka sikio liseme.
Gia ya pili. Ya tatu. Ya nne.
Kisha sauti ikafika mahali ikatulia,
haikupanda tena,
ikaenda hivyo hivyo, hivyo hivyo,
mpaka ikamezwa na lori la saruji.