Mnunuzi wa Paina

Alikuja tena Oktoba, kabla ukungu haujainuka Ihalimba,
buti zake safi, futi kamba begani,
bahasha ya kaki ikichungulia mfukoni.
"Mama Kihwele, miti hii imeiva."

Nikampeleka kwenye kisiki cha ule ulioangushwa na upepo.
Hesabu, nikamwambia. Akahesabu kwa kidole miduara kumi na mmoja.
Huo mwembamba kama uzi ni mwaka wa moto,
tulipoupiga kwa matawi mabichi usiku kucha,
asubuhi tukakuta raba za Fidelis zimeyeyuka,
mwenyewe kalala katikati ya njia ya moto, anakoroma.
Huo mpana ni mwaka tuliopunguzia:
mmoja nje, miwili ibaki, hivyo hivyo mpaka bondeni,
na shemeji zangu wakasema mjane anachezea mali.
Jua likashuka hadi chini. Iliyobaki ikanenepa.

"Mbao ya miaka kumi na mmoja inapinda
fundi hajamaliza chai yake.
Nani aezeke nyumba kwa utoto?"

Akacheka. Akatoa noti, akazipanga juu ya kisiki,
zikafunika miduara yote, hata ule mwaka wa moto.

Sitasema sikutetemeka.
Ada ya Tumsifu ilikuwa mle,
na bati la jikoni, na goti langu hili la kushoto.
Miti haijui shule zinafunguliwa lini.

Nikampa mistari miwili ya juu, iliyosongana,
ambayo ingetoka hata asingekuja.
Dingidongo ililia mlimani siku nzima,
harufu ya utomvu ikatufuata mpaka kwenye ugali.

Kule chini sikumruhusu hata kutazama.
Kule ni mivengi, haikupandwa na mtu,
na miguuni pake maji ya vinyungu vya nusu ya kijiji.
Baba mkwe aliwahi kupanda paina mpaka ukingoni;
mwaka wa sita vyura wakanyamaza.
Tuliing'oa wenyewe, kwa jembe na kwa matusi.
Vyura walirudi mmoja mmoja,
kama wadaiwa.

Sasa ni Desemba, udongo umelowa.
Viriba mia mbili kwenye toroli, Tumsifu anasukuma,
matope mpaka viwikoni.
"Hii tutakata lini, mama?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaniishia.
Nikamwambia, niazime vyako.