Taa Nyekundu

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee,
mvua haijaamua kama ni mvua au ni ukungu.
Nasukuma ndoo yangu ghorofa ya tatu.
Kadi ya shingoni hufungua milango kumi na tisa:
vyoo, jiko, ofisi ya profesa
anayeacha maganda ya machungwa juu ya makaratasi.
Wa ishirini, hapana.
Wa ishirini una kioo kinene, na nyuma yake
mashine zinavuma kama nyuki waliokatazwa kutoka.

Na mimi nimo mle.

Ilikuwa Machi. Walitafuta watu
wenye selimundu katika ukoo.
Nikatema mate hadi kwenye mstari wa kijichupa,
kinywa kikakauka kwa aibu kabla ya kufika.
Daktari Eilidh alingoja, hakunihimiza.
Akasema: jina lako tunaling'oa, unabaki nambari.
Nikamuuliza: na ukoo, mnaung'oa kwa koleo gani?
Angeweza kucheka.
"Huo haung'oki," akasema. "Ndiyo maana kuna mlango.
Anayetaka kukusoma huomba, hutaja sababu,
huapa kutokutafuta, kisha husomea humo humo.
Hatoki na herufi hata moja mfukoni."

Nikatia sahihi.
Sikumwambia kuhusu mama.

Siku mbili kabla hajafariki, Ujiji,
mama alinishika kifundo cha mkono:
Ramazani si wa baba yenu. Meza.
Nikameza. Miaka kumi na minne nimemeza.
Kumbe mate hayamezeki yote.

Jumapili Ramazani akapiga simu toka Glasgow,
sauti ya mtu aliyetenda jema:
"Dada, nami nimetema! Kwa hao hao wa kwako."
Nikasema hongera.
Nikakaa kwenye ngazi.

Sasa tumelala humo, nambari mbili,
herufi bilioni tatu kila mmoja,
na kati yetu kosa la mama,
au pendo lake, sijui;
hakupata muda wa kuniambia ni lipi.
Wa kutulinganisha si lazima awe mwizi.
Yatosha awe mdadisi
mwenye mchana mrefu.

Naloweka kitambaa. Nafuta kwenye kioo
alama za vidole vya walioruhusiwa.
Kisha, kama kila alfajiri, nagusisha kadi yangu pale,
si kwa kutaka kuingia.
Nataka kuona kama bado nakataliwa.

Nyekundu.

Asante, nasema, kwa sauti, kwa Kiswahili,
maana ghorofa nzima hakuna wa kuelewa.
Nanyanyua ndoo. Bado ngazi.