Kijiko cha Zinaida

Daftari lake lina jalada la kijani lililotafunwa na panya pembeni,
na mwandiko uliolala upande mmoja
kama nyasi baada ya upepo.
Kila Septemba napanda nalo juu ya malisho ya Kara-Bulun,
hadi ulimi wa barafu unapoanzia sasa,
si pale ulipoanzia kwenye ramani.

"Agosti kumi na mbili, sabini na nne," aliandika.
"Mti namba saba: sentimita arobaini na moja.
Upepo wa magharibi. Mawingu nusu.
Kijiko changu kimetumbukia ufani. Nakula uji kwa kifuniko."

Kwa miaka kumi na tisa hakulalamikia jingine.

Mimi Burulcha nimerithi miti yake.
Kazi si ya kutambia:
unatoboa barafu kwa mvuke, unasimika mti, unaondoka.
Mwaka ukigeuka unarudi na futi kamba
kuona umevuliwa nguo kiasi gani.
Mwaka huu namba saba
(ni wa sita kuitwa jina hilo)
nimeukuta umelala majini, mita nne zote nje,
kama mgonjwa aliyeshuka kitandani bila ruhusa.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Hakuna aliyetufundisha jinsi ya kuhesabu
kibaba kinapomwagika.

Toktosun mchunga farasi hunisubiri chini, penye mawe,
na maziwa ya farasi yaliyochachuka ndani ya chupa ya soda.
Haniulizi habari za dunia. Ananiuliza habari za mfereji:
mwakani maji yatafika kwenye viazi vya dada yake?
Yatafika, namwambia, tena mengi,
na mwaka wa pili mengi, na wa tatu,
kisha.
Anakunywa. Anapangusa sharubu.
"Kama kijana anayetapanya urithi," anasema,
"kila siku karamu."

Ni Mirlan, mwanafunzi wangu, aliyeona kitu kikimeta.
Nilidhani ni kopo la watalii.
Kijiko cha alumini, shingo imepinda,
nyuma kimechorwa Z kwa ncha ya msumari.
Kilimezwa hakikutafunwa.
Miaka hamsini kimeshuka gizani, mwendo wa kobe aliyelala,
kikaja kutemwa juani, miguuni petu.
Nilipiga yowe, mlima ukaniitikia.
Nilikibusu. Nikakitia mfuko wa kifuani
na kukisikia kikipata joto njia nzima.

Zinaida Pavlovna anaishi Bishkek, ghorofa ya nne, lifti imekufa.
Ana miaka themanini na sita na paka asiyependa wageni.
Alikishika kijiko, akakipima uzito kiganjani,
akakigeuza penye mwanga wa dirisha,
akakoroga chai yake mizunguko mitatu.
Nilikuwa nimeandaa leso.

"Mlipima?"

Nini, mama?

"Mahali. Kabla hujakiokota.
Umbali kutoka mti wa karibu. Mwinuko.
Kilielekeza mpini upande gani."

Saa ya ukutani ilijibu kabla yangu.
Mimi, mwenye shahada mbili na kifaa cha setilaiti mgongoni,
nilikuwa nimepiga yowe.

"Miaka hamsini kimebeba jibu," alisema polepole,
"nawe umeniletea kijiko."

Paka alishuka kabatini.
Alinisogezea jamu ya cheri, akafungua daftari la kijani
kwenye ukurasa mtupu, maana ilibaki michache,
akalamba ncha ya penseli kama watu wa zamani.

"Kula kwanza," akasema.
"Halafu mpigie simu yule kijana.
Muulize alikuwa amesimama wapi,
na kivuli chake kilianguka wapi,
na ilikuwa saa ngapi."