Kanga kwa Forosadi

Mforosadi si wetu. Shina liko kwa fundi redio,
ila matawi yalivuka ukuta siku nyingi,
na hapa Isevya kilichovuka ukuta
hakirudishwi kwa mwenyewe.
Mvua za kwanza zikianguka, nazo zinaanguka,
forosadi nyeusi, zimeiva mpaka haziwezi kujishika,
juu ya mashati ya shule niliyoanika.
Mwalimu wa Doto ameshaandika mara mbili
kwenye daftari, kwa wino mwekundu,
kwamba mtoto anakuja darasani na damu isiyo damu.

Mwaka huu nikasema: mnanidai mashati,
nami nitawadai mchuzi.
Nikatandika mkeka, nikatikisa tawi,
nikapata beseni.

Siku hiyo wifi yangu Kalunde alikuwa amefika kutoka Sikonge
na dumu la asali na macho ya ukaguzi.
Alikaa kwenye kigoda, mlangoni pa jiko,
miguu kainyoosha, anahesabu vijiko.
"Huyo kanga," akasema, "mchemshe. Chumvi. Basi.
Mama alitulea kwa chumvi."

Kanga nilimnunua kwa Shija. Mgumu,
ametembea porini kuliko bwana misitu.
Nilimchemsha saa nzima na tangawizi
mpaka paja likakubali uma,
nikakaanga vipande, ngozi ikalalamika,
ikanyamaza, ikawa ya kahawia.
Kisha kitunguu. Kisha forosadi,
nimezisaga kwa mwiko, nimezipitisha
kwenye chujio la chai, lile lililotoboka.
Asali ya Kalunde, vijiko viwili
(yeye alihesabu vitatu).
Ndimu. Pilipili kichaa moja, nzima, isipasuke.
Chumvi tena, kwa heshima ya mama mkwe.

Mchuzi ukatokota polepole, mapovu yake
yana rangi ambayo sina neno lake. Si nyekundu.
Ni rangi ya usiku umeme umekatika
na jirani bado ana kibatari.

"Nyama na tunda," wifi akasema,
"ni kuvaa sare ya harusi msibani."
Hakugusa. Alikula ugali kwa kisamvu
akiutazama ukuta.
Mihayo, mume wangu, alikula kimya,
na mwanamume wa ukoo ule akila kimya
ujue anamwogopa dada yake, haogopi chakula.
Doto alilamba sahani, akalamba mkono,
akamlamba Kulwa shavuni, palipodondokea.

Nikafunika sufuria. Nikaweka jiwe juu,
kwa ajili ya paka.

Usiku nikasikia jiwe.
Paka hanyanyui jiwe akalilaza chini taratibu.
Paka hamezi kisha akashusha pumzi
kama mtu aliyepokea barua nzuri.
Nikataka kuinuka. Mihayo akanibana mkono
gizani: acha.

Asubuhi sufuria ilikuwa safi kuliko siku niliyoinunua.
Wifi anafagia uwanja, jua halijatoka,
amejifunga kanga yake nyeupe, ya kutokea,
yenye maneno YANGU NAYAJUA MWENYEWE,
na juu ya MWENYEWE
doa la forosadi, ukubwa wa kidole gumba.

Kanga wa porini huzaliwa na madoa.
Kanga ya dukani huyapata kwa tabia.

Sikusema kitu. Nilimmiminia chai.
Akapuliza, akanywa, akalitazama lile tawi,
ulimi ukichungulia, mweusi kama wa Doto,
kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:
"Chumvi ilipungua kidogo."

Nikaenda kuchukua beseni.